Kavunjika shingo kwa ajali ya boda, siku ya tatu kapata kiharusi. Inakuwaje?

Wa_Pongwe: Wakuu, naomba mwenye uelewa. Mdogo wangu, miaka 26, dereva wa boda, aligongwa na Noah hapa Tanga. Pingili ya tano ya shingo ikapasuka, akavalishwa kola. CT ya kichwa ilikuwa safi, mikono na miguu inacheza, anadai chipsi kabisa. Siku ya tatu asubuhi akasema anatuona wawili wawili, chai ikawa inatokea puani, ulimi mzito. Wamepima tena: kiharusi, nyuma ya ubongo. Presha hana, sukari hana. Wazee wanasema mkono wa mtu. Shingo na kiharusi vinakutania wapi?

Mzee Kigoda: Pole mwanangu. Kuna mama Muheza anakanda shingo vizuri sana, akitoka mpelekeni.

Radiografa_Mstaafu: Mzee Kigoda, shikamoo, ila hapo hapana. Shingo iliyovunjika haikandwi wala hainyongwi, mtammalizia mshipa uliobaki.

Wa_Pongwe, vinakutania kwenye mfupa wenyewe. Mishipa miwili, kulia na kushoto, inapandisha damu nyuma ya ubongo, na njiani inapita kwenye matundu ya ubavuni mwa pingili, kwa kawaida kuanzia ya sita hadi ya kwanza. Ufa ukifika kwenye tundu, au pingili ikiteleza, utando wa ndani wa mshipa unachanika. Damu inaganda pale, kipande kinanyofoka, kinapanda kuziba mbele. Huchukua saa, siku, hata wiki. Ndiyo maana CT ya mwanzo haikuona kitu. Na huko nyuma ndiko kunakoendeshwa kumeza, macho na mwili kusimama sawa, kwa hiyo hiyo chai puani wala hainishangazi. Mvunjiko wa namna hiyo unahitaji CT ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa mkononi mwili ukapata joto. Ulizeni kama ilipigwa.

Wa_Pongwe: Imepigwa jana, ni mshipa wa kushoto. Wameanza aspirini. Si atavuja damu kwenye mfupa?

Radiografa_Mstaafu: Aspirini au heparini ndizo zinazotumika kuzuia donge jingine. Hatari ya kuvuja ipo, ndiyo maana muda na kipimo wanapanga wao. Msiongeze wala kuruka. Mnachokisahau ni hatari ya uji. Msimnyweshe kitu, hata maji, mpaka wampime kumeza. Kikiingia mapafuni ni nimonia, na huyo kukohoa kwenyewe hawezi vizuri.