Tamasha la filamu kwa watu wenye ulemavu: tunataka kulizungusha, tubebe nini?

mpeleka_filamu

Habari zenu wadau. Mimi na wenzangu wachache tulifanya katamasha kadogo ka filamu, siku mbili tu, ukumbi mmoja, tukahakikisha kila mtu anaweza kuingia na kufuatilia. Kulikuwa na maandishi kwenye skrini kwa viziwi, maelezo ya sauti kwa wasioona, mkalimani wa lugha ya alama, na shoo moja ya utulivu kwa wenye usonji na yeyote asiyeweza kuvumilia makelele na giza totoro. Ilienda vizuri kuliko tulivyotegemea, sasa watu wa miji mingine wanatuita na sisi kwa ile furaha tukasema ndio, kumbi nne ndani ya mwezi mmoja.

Hapo ndo nimeanza kukosa usingizi. Ule ukumbi wa kwanza tulikuwa tunaujua kama nyumbani, mlango gani unagoma, soketi gani imekufa. Huko tunakoenda hatujui kitu. Nimepiga simu kote, kila mwenye ukumbi ananijibu "ndio, watu wa viti mwendo wanaingia" na mimi moyo unakataa kuamini. Naomba kujua vifaa gani nibebe mwenyewe, faili za maandishi na sauti nizipange vipi zisije zikanivurugikia mbele za watu, na kama hela haitoshi kufanya kila kitu kila mahali nianze kukata wapi. Hata kama jibu ni la kunikatisha tamaa leteni tu.

magurudumu_mawili

Moyo wako uko sahihi. "Wanaingia" kwa mwenye ukumbi maana yake kuna siku walimbeba mtu mmoja juujuu kama gunia wakaona imewezekana. Mimi nimebebwa hivyo, mbele ya umati, halafu watu wakapiga makofi. Makofi ya nini sasa, nimekuja kuangalia filamu jamani.

Usiulize kama panaingilika, uliza vipimo. Mlango ukifunguka mpaka mwisho unabaki na upana gani, chini ya sentimita 80 viti vingi vinakwama. Ngazi ziko ngapi na kila moja ina kimo gani, manake rampu ya kawaida inataka urefu mara 12 ya kimo. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, kwa hiyo rampu yako ni mita 5 na sentimita 40, ukisikia mtu anakwambia "tutaweka ubao tu" jua hajapiga hesabu na huyo mtu anataka kuniua.

Kinachofanya kazi kuliko fomu yoyote ni kuwaambia wakutumie video ya simu bila kukata, kuanzia barabarani gari linaposhusha, mlangoni, mpaka kiti, kutoka kiti mpaka chooni, na wafungue mlango wa choo waingie. Ndani nataka nafasi ya kugeuka, mita 1 na nusu hivi. Choo cha walemavu sehemu nyingi ni stoo ya mafagio na ndoo, video itakuonyesha.

Mengine mawili nikimbie. Usituweke safu ya mbele kabisa chini ya skrini, masaa mawili shingo imepinda, na tuwekee kiti cha kawaida pembeni manake na sisi tunakuja na wapenzi wetu. Afu angalia jukwaa! Watu wanatengeneza njia ya watazamaji wanasahau kwamba muongozaji wa filamu naye anaweza kuwa anatumia kiti mwendo, anaitwa jukwaani aje kujibu maswali, anabaki chini anaongelea sakafuni kama mtoto aliyeadhibiwa.

fundi_wa_giza

Mkuu mi nilikuwa narusha filamu kwenye kumbi nyingi, nakujibu upande wa faili tu.

Kama filamu zako zinakuja kwenye mfumo wa sinema za kidijitali na zimefungwa, ujue ufunguo wa kuifungua unatengenezwa kwa mashine ya ukumbi fulani na kwa muda fulani. Ufunguo wa ukumbi wa kwanza haufungui wa pili. Kumbi nne, funguo nne, na ukichelewa dakika kumi baada ya muda kuisha skrini inabaki nyeusi. Kwa ziara ndogo waombe wenye filamu nakala isiyofungwa.

La pili ndo linaumiza wengi, kasi ya picha. Faili ya maandishi imetengenezwa kwa nakala ya fremu 24 kwa sekunde, wewe ukumbini umepewa nakala ya televisheni iliyokimbizwa kuwa 25. Filamu ya dakika 90 inaisha kwa dakika 86 na sekunde 24. Mwanzoni huoni kitu, katikati maandishi yanaanza kubaki nyuma, mwisho mtu kashakufa na kuzikwa ndo maandishi yanasema "nisaidieni". Yamepishana zaidi ya dakika tatu na nusu! Kwa hiyo ukijaribu dakika tano za mwanzo ukasema iko poa bado hujajaribu kitu, ruka mpaka dakika kumi za mwisho uangalie hapo.

Ushauri wangu, maandishi yachome kabisa kwenye picha. Yakiwa faili ya pembeni kuna siku yatasahaulika kwenye flashi nyingine. Na track ya maelezo ya sauti ikae folda moja na filamu yenyewe, jina lilelile, usije ukaita "sauti mpya ya mwisho kabisa 2".

mikono_inasema

Naunga mkono kuchoma maandishi. Mimi ni kiziwi, nimeshapewa vile vimashine vya kushika mkononi vya kusoma maandishi, betri ikaisha katikati na sikuwa na wa kumwambia manake taa zimezimwa, nitaongea na nani gizani?

Ila maandishi yenyewe yawe ya viziwi, sio yale ya kutafsiri lugha tu. Tofauti ni kubwa. Ya tafsiri yanadhani unasikia, hayakwambii nani anaongea akiwa nje ya picha, hayakwambii simu inaita, mlango unagongwa, muziki umebadilika ghafla. Unaona watu wote wameshtuka ukumbini, wewe ndo unauliza kuna nini.

Na msidhani maandishi yanamaliza kila kitu. Wengi wetu lugha ya kwanza ni ya alama, ya kusoma ni ya pili, mistari miwili inayopita haraka mtu haimalizi. Mkivuka mpaka wa nchi lugha ya alama inabadilika pia, kwa hiyo mkalimani mliyezunguka naye huenda kule akawa mgeni kama ninyi, tafuteni wa hapohapo, wawe wawili wapokezane kila dakika 20 au 30 manake ile kazi inachosha akili. Wawepo na getini na kwenye maswali baada ya filamu. Sehemu nyingi mkalimani anakuja kwa ajili ya hotuba ya mgeni rasmi akimaliza anaondoka, yaani nimefika kusikiliza hotuba!

naona_kwa_masikio

Kabla hamjafika ukumbini, posta yenu. Nimeletewa hapa WhatsApp posta za matamasha "ya watu wote" ambazo ni picha tupu, programu yangu ya kunisomea skrini inasema "picha" basi. Saa ngapi, wapi, filamu gani, sijui. Andikeni maneno yote chini ya picha, haigharimu kitu.

Maelezo ya sauti sasa. Msomaji anaingia kwenye nafasi ambazo hakuna mazungumzo, ananiambia kilicho kwenye picha, hatafsiri hisia zangu. "Anakunja barua anaiweka mfukoni" inatosha, usiniambie "kwa huzuni kubwa", hiyo nitaisikia mwenyewe kwenye pumzi yake. Wanaoanza huwa wanaogopa ukimya wanaujaza wote mpaka filamu inakuwa taarifa ya habari.

Kwa ziara kuna njia mbili. Ya kwanza, sauti imerekodiwa, inasikika kwenye simu ya mtazamaji, zipo programu zinasikiliza filamu kwa maiki ya simu zinajipanga zenyewe, lakini faili lishushwe kabla, msitegemee intaneti ya ukumbi na watu mia mbili wamejaa humo. Ya pili mtu anasoma moja kwa moja kutoka kwenye skripti aliyoiandaa, wageni mnavalishwa vile vifaa vidogo vya redio wanavyotumia waongoza watalii. Mi naipenda hii ya pili, hata filamu ikikatika msomaji anakwambia "imekatika, fundi anakuja", na vifaa vyote vinaingia kwenye begi moja. Ila nipeni cha sikio moja tu! Mkinifunika masikio yote mawili filamu yenyewe naisikilizia wapi?

usiku_wa_utulivu

Kuhusu shoo ya utulivu, mwanangu ana usonji na ni mara chache sana tumemaliza filamu ukumbini. Taa zisizimwe kabisa, sauti ipunguzwe, watu waruhusiwe kutembea, kuongea, kutoka na kurudi. Kiwepo chumba cha pembeni kimya, hata ofisi ya meneja, chenye mlango unaofunga. Watumieni wazazi picha za njia na ukumbi siku kadhaa kabla, mtoto akiona alipopaona kwenye picha anatulia. Na filamu yenye mwanga unaopigapiga zaidi ya mara tatu kwa sekunde semeni wazi kabla watu hawajakaa, kuna wenye kifafa.

Kitu kimoja watu hawapendi kukisema, mahitaji yetu yanagongana. Mwanangu akifurahi anapiga kelele, na ndugu yangu hapo juu anayeona kwa masikio kila kelele moja inampotezea sentensi nzima. Kukaa wote shoo moja kwa sababu "ni tamasha la wote" ni kuwakosesha wote wawili.

naona_kwa_masikio

@usiku_wa_utulivu umesema kweli dada na mimi sijaona tusi. Shoo mbili, kila mtu achague, mi mwenyewe siku nyingine nitakuja ya utulivu manake na mimi nacheka kwa sauti. Na taa zikibaki hafifu hata mikono_inasema atamuona mkalimani wake.

haki_kwanza

Wadau msihangaike na ruhusa za wenye filamu, kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu kazi yoyote itengenezewe toleo la watu wasioona bila kuomba. Tena mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unataja filamu kabisa. Tengenezeni zungusheni.

fundi_wa_giza

@haki_kwanza taratibu kaka utampeleka mtu mahakamani. Marrakesh ni ya maandishi, vitabu na mfano wake, pamoja na vitabu vya kusikiliza, filamu haimo. Ibara ya 30 ni kweli inataja filamu lakini inaibana serikali, haikupi wewe leseni ya kurusha kazi ya mtu. Ruhusa aliyopewa ya siku mbili ukumbi mmoja ni ya siku mbili ukumbi mmoja. Aombe upya, kumbi zote nne kwenye barua moja, na aandike humohumo kwamba anaomba kuongeza maandishi na maelezo ya sauti, waongozaji wengi wanafurahi, wengine wanaomba wapewe hilo toleo wabaki nalo.

haki_kwanza

Nimekubali, nilichanganya.

tulizunguka_tukachoka

Swali lako la kukata. Sisi tulikata aina za huduma. Mji wa kwanza vyote vilikuwepo, wa pili mkalimani hakuna, wa tatu maelezo ya sauti hakuna, wa nne tulibaki na projekta na aibu. Watu waliosafiri mbali kwa sababu waliona kwenye tangazo neno "wote" walikaa gizani hawaelewi kitu na hawakutuamini tena. Kata kumbi usikate huduma. Kumbi mbili zilizokamilika.

Na jiulize kama ni lazima usafiri wewe. ReelAbilities, tamasha la filamu kama lenu, walianza New York mwaka 2007, leo inafanyika miji mingi, na kila mji unakuwa na wenyeji wake wanaoiandaa, wanazijua ngazi zao na wakalimani wao. Oska Bright ya Brighton, Uingereza, ya tangu 2004, inazungusha filamu lakini wanaochagua na kuongoza ni watu wenye ulemavu wa akili wenyewe. Hilo la nani anachagua lisikupite, manake ukiwaachia watu wengine wanakuletea filamu za kulialia tu, maskini huyu, shujaa yule. Watu wanataka kucheka, wanataka za kupigana, za mapenzi. Kila mji tafuta kwanza chama cha watu wenye ulemavu cha palepale, waende wao kukagua ukumbi kwa niaba yako, na walipwe kama unavyomlipa fundi.

mpeleka_filamu

Aisee nimesoma yote mara mbili, nimenyamaza manake nilikuwa naandika barua za ruhusa upya, ile ya zamani kweli ilikuwa ya ukumbi mmoja tu, ningeingia choo cha kike.

Tumekubaliana na wenzangu tunashuka mpaka kumbi mbili, labda tatu. Shoo ya utulivu siku yake, ya kawaida siku yake. Maandishi tunayachoma. Faili moja nimelijaribu mwishoni kama fundi alivyosema, limepishana sijui dakika ngapi, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Video zote nne nimeziomba tangu jana. Wawili kimya, mmoja kasema atatuma picha nimemwambia picha sitaki. Wa nne katuma. Ya dakika nne, mlango mpana safi, rampu ipo ya zege, viti safi, wanatembea mpaka chooni, mlango una kufuli, na unasikia jamaa nyuma ya kamera anauliza "funguo anayo nani?" video inaishia hapo.

magurudumu_mawili

Hahahaaa. Wapigie uwaulize alishapatikana.