Aliyeanzia filamu za ngono akija kuwa mwigizaji wa kawaida, tumpokee au tumtose?

Kibarua wa Shangani: Nauliza wana Mtwara na Lindi. Sunny Leone alicheza filamu za ngono Marekani, 2011 akaingia Bigg Boss, shindano la TV la India la kuishi nyumba moja, 2012 akapata filamu ya Kihindi. Mpaka leo akitajwa watu wanasonya. Stallone, yule aliyecheza Rambo, naye ana filamu yake ya ngono, lakini kibanda umiza gani cha kuonyesha video Masasi kiliwahi kukataa Rambo? Mmoja tumsamehe, mwingine tumsonye, kwa nini? Dini tuiache pembeni, naulizia kazi.

Korosho Ghafi: Rambo hawezi. Hizo picha za kutengeneza.

Mzee wa Ligula: Si za kutengeneza, mwanangu. Ilikuwa 1970, hana pa kulala, mwenyewe kasimulia alivyolala kituo cha mabasi New York. Kazi ya siku 2, dola 200. Filamu yake ya Rocky ilipovuma 1976, wenye mkanda wakautoa upya kwa jina jingine wapate kuuzia umaarufu wake. Ila humo tendo lenyewe liliigizwa tu. Usimweke kapu moja na huyo dada.

Binti Newala: Shikamoo babu. Ndiyo hapo sasa. Mwanaume alikuwa na njaa, mwanamke ana tabia.

Mzee wa Ligula: Marahaba. Sikusema hivyo.

Binti Newala: Umesema "huyo dada".

Mpita Njia Dar: Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ingemdaka kabla hata hajajulikana. Halafu nyie wa kusini mnaona haya ya nini? Unyagoni mnawafundisha watoto yaleyale, kamera tu ndiyo haipo.

Binti Newala: Wewe uliingia unyagoni lini? Mimi nimechezwa. Nilifundishwa kupiga magoti nikisalimia, nikiwa mwezini nijihifadhi vipi, vitambaa nivifue wapi na nivianike chini ya kanga wasivione wanaume. Hayo ndiyo matusi yako?

Mmwera wa Nachingwea: Dada, tusijipambe. Hayo yapo, na ya chumbani yapo. Binti wa darasa la tano anatoka likizo ya Desemba na nyimbo ambazo mama yake anaona haya kuzisikia. Mimi sitaki unyago ufe, nataka nyakanga wanaowafunda wangoje mtoto akue.

Korosho Ghafi: Siku hizi nyakanga hana sauti. Malipo ya korosho yakiingia, baba mtu anakodi muziki, anashonesha sare ukoo mzima, anachinja. Mwali mwenyewe hata haonekani kwa vumbi. Machi anakopa sembe.

Binti Newala: Hapo Korosho umenigusa pabaya, kaka yangu mmoja ni huyo.

Kibarua wa Shangani: Jamani, Sunny Leone! 2016 mtangazaji mmoja wa India alimhoji kama yuko kituo cha polisi, anamchimba ya zamani tu. Dada wa watu katulia. Aamir Khan, nyota wa filamu za Kihindi, akajitokeza kusema yuko tayari kufanya naye kazi.

Mmwera wa Nachingwea: Kusema ni bure. Nenda Ujerumani kwa Sibel Kekilli, mwenye asili ya Uturuki. 2004 filamu yake imechukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, gazeti likafukua mikanda yake ya zamani na kuimwaga mbele ya watu. Na bado akaja kuigiza Shae kwenye tamthilia ya Game of Thrones.

Korosho Ghafi: Shae ndiye huyo?! Nilimpenda yule.

Kibarua wa Shangani: Na sasa humpendi?

Korosho Ghafi: Ngoja kwanza.

Binti Newala: Mpita Njia hajanijibu. Ya unyagoni ulisimuliwa na nani?

Mpita Njia Dar: Mke wangu ni wa Tandahimba. Kasoma hapa, kanikataza kuandika.

Binti Newala: Kumbe siri kaitoa yeye! Mwambie somo yake atapata habari.