Vim ndani ya tmux: Esc inachelewa, na je, niachane na vitufe vya mishale?

Swali

Wakuu, habari za kazi. Nahariri programu za Python kwenye seva kwa SSH (kuingia kwa mbali), kwa kihariri cha Vim kikiwa ndani ya tmux, programu inayogawa na kutunza vikao vya terminali. Tangu niunde .vimrc yangu (faili ya mipangilio ya Vim, mistari mitatu tu: namba za mistari, rangi na upana wa Tab), nikibonyeza Esc Vim inakawia kutoka kwenye modi ya kuandika. Esc ikifuatwa na O ndiyo balaa, inaganda kabisa kabla ya kufungua mstari mpya juu. Pili, kila ninakosoma wanasema nizime vitufe vya mishale nitumie hjkl (herufi h, j, k na l za kusogea). Kuna faida yoyote ya kweli au ni ushabiki?

Jibu la 1

Mkuu, hapo una wasubirishaji wawili.

Kitufe cha mshale hakitumi herufi moja. Kinatuma Esc, halafu O au [, halafu A, B, C au D. Kwa hiyo Vim ikipokea Esc peke yake haiwezi kujua kama umemaliza au kuna herufi ziko njiani, inabidi isubiri. Esc ikifuatwa na O inafanana kabisa na mwanzo wa mshale, ndiyo maana hapo inaganda zaidi.

Muda wa kusubiri unapangwa na ttimeoutlen. Usipokuwa na .vimrc, Vim husoma defaults.vim (mipangilio inayokuja nayo), na humo thamani ni 100. Ukiunda .vimrc yako, defaults.vim haisomwi tena. Thamani inarudi -1, maana yake "tumia timeoutlen", ambayo ni milisekunde 1000. Hiyo ndiyo sekunde yako nzima. Weka:

set ttimeout ttimeoutlen=50

Halafu tmux. Matoleo ya zamani husubiri milisekunde 500 kabla ya kupitisha Esc. Angalia kwa `tmux show -s escape-time`. Ikisema 500, ongeza kwenye ~/.tmux.conf ya mashine ile tmux inakoendeshwa (kwako ni seva, si laptopu):

set -sg escape-time 20

kisha `tmux source-file ~/.tmux.conf`. Wengi watakushauri uweke 0. Kwa SSH usiweke: mtandao ukisuasua, Esc inafika kwanza na [A inafuata baadaye, na mshale wako unageuka kuwa herufi zilizomwagika kwenye faili.

Bado inachelewa? Andika `:verbose imap <Esc>` uone kama kuna programu-jalizi iliyoteka Esc, na `:verbose set ttimeoutlen?` ikuoneshe faili iliyoibadilisha mwisho.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu Esc yenyewe, maana iko mbali na kidole. Kwenye Linux yenye X11 (mfumo wa zamani wa kuonesha madirisha), `setxkbmap -option caps:escape` inageuza Caps Lock kuwa Esc, ila ukiwasha mashine upya inapotea. Debian na Ubuntu: weka XKBOPTIONS="caps:escape" kwenye /etc/default/keyboard. GNOME kwenye Wayland (mrithi wa X11) haisikilizi setxkbmap, huko ni:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources xkb-options "['caps:escape']"

Angalizo: amri hiyo inafuta chaguo zote ulizokuwa nazo kwenye orodha hiyo. Zisome kwanza kwa `get` badala ya `set`.

Kama mashine si yako, Ctrl-[ ni ileile Esc popote. Au `inoremap jk <Esc>` kwenye .vimrc, ili ukiandika jk iwe Esc. Anayeandika Kiswahili haimsumbui kwa sababu hakuna neno letu lenye j ikifuatwa na k. Na JK ya herufi kubwa inapita salama, mheshimiwa haguswi.

Jibu la 3

Mishale usiizime. Tatizo si mkono kusogea inchi chache, tatizo ni kushikilia kitufe mpaka mistari 40 ipite. Anayeshikilia j naye hajafanya la maana kuliko anayeshikilia mshale.

Kinachookoa muda ni kutafuta. Chukua mfano: kodi ya 18 unataka iwe 16 sehemu kadhaa za faili.

/\<18\> kisha Enter
cw16 kisha Esc
n unaenda inayofuata, nukta (.) unarudia badiliko

Usiyotaka kuigusa, bonyeza n tena upite. Vile vialama \< na \> vinazuia kukamata 180 au 2018. Ndani ya mstari mmoja tumia f: `f(` inakupeleka kwenye mabano, `;` kwenye mengine. Ukishaingia, `ci(` inafuta vyote vilivyomo na kukuacha ukiandika. Ukiwa nje ya mabano haifanyi kitu, ndipo watu hudhani imeharibika.

Mipangilio ninayoona inatosha: `set number relativenumber ignorecase smartcase incsearch scrolloff=5`. Ukitumia namba kama 12j, jua Vim haiirekodi kwenye orodha ya miruko (kumbukumbu ya sehemu ulizoruka), hivyo Ctrl-O haitakurudisha ulikotoka. Dawa:

nnoremap <expr> j (v:count > 5 ? "m'" . v:count : "") . 'j'

Fanya hivyohivyo kwa k. Kutafuta kwa / na kwenda kwa G vinarekodiwa vyenyewe.

Muuliza swali

Shukrani wakuu, Esc sasa inaitika papo hapo. Ila Ctrl-O inanirudisha nyuma vizuri, Ctrl-I kwenda mbele haifanyi kitu, inabadilisha dirisha tu. Nina `nnoremap <Tab> <C-w>w`.

Jibu la 1

Ni hiyo Tab. Kwenye terminali za kawaida Tab na Ctrl-I ni herufi ileile, namba 9, Vim haiwezi kuzitofautisha. Ondoa huo mstari, weka `nnoremap <Space> <C-w>w`. Space kwenye modi ya kawaida inasogeza herufi moja kulia tu, kazi ambayo l inaifanya. Kama umeifanya Space kuwa kitufe kiongozi (leader, kinachoanzisha njia zako za mkato), basi tumia `<C-w>w` yenyewe bila njia ya mkato. Kufuta mstari kwenye .vimrc hakugusi Vim iliyo wazi tayari, kwa hiyo toa pia `:nunmap <Tab>` au uifunge na kuifungua upya.