Nadharia ya ATPL: benki ya maswali inanipa 85%, namba zikibadilishwa nakwama

Mbawa_Mpya

Salaam wakuu. Niko kwenye nadharia ya ATPL (leseni ya rubani wa mashirika ya ndege), mfumo wa EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya), masomo 13. Benki ya maswali inanipa 85 hadi 90% kwenye Urambazaji na kwenye Uzito na Mizani, lakini swali lilelile likibadilishwa namba, au likinipa jibu na kunidai kile nilichozoea kupewa, nakwama kabisa. PNR (mahali pa mwisho unapoweza kugeuka ukarudi ulikotoka) na PET (mahali ambapo muda wa kwenda mbele na wa kurudi ni sawa) ndizo zinazonimaliza. Sijafanya karatasi hata moja. Nafikiria mwezi ujao nikafanye Mawasiliano peke yake, kwa kuwa ni jepesi, nionje chumba cha mtihani kilivyo.

Naombeni mwongozo: mpangilio wa karatasi, namna ya kuzishika hizi hesabu, na benki niitumieje.

Dira_ya_Sumaku

Usiende kuonja, mkuu. Miezi 18 inaanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi ule uliofanya karatasi yako ya kwanza, hata kama ni moja na ni nyepesi. Ndani ya muda huo masomo yote yawe yamepita, kila moja kwa 75% au zaidi, na kila somo lina nafasi 4 tu. Nafasi zikiisha kwenye somo moja, au miezi ikikatika, hurudii lile lililokushinda peke yake. Unarudi chuoni kwa mafunzo ya ziada, kisha unaanza seti nzima upya. Na hakuna kufidiana: 98 ya Sheria za Anga haiokoi 74 ya Hali ya Hewa.

Kingine ambacho watu hukisahau ni pendekezo la chuo. Bila hilo huingii chumba cha mtihani, nalo linadumu miezi 12.

Kuhusu mpangilio, yaoanishe masomo kwa undugu wake, wepesi usiuangalie. Uzito na Mizani, Utendaji wa Ndege na Upangaji wa Safari yaende kundi moja, maana uzito unaoupata kwenye la kwanza ndio unaoingia kwenye grafu za la pili na mafuta ya la tatu. Sheria, Taratibu za Uendeshaji na Mawasiliano yanaingiliana sana, kwa hiyo kuyatenganisha ni kusoma kitu kimoja mara mbili. Mifumo ya ndege, Vyombo na Kanuni za Kuruka vilevile. Hali ya Hewa ningeitanguliza pamoja na Urambazaji wa Jumla: ni pana, inadai muda wa kuzama kichwani, na ukiikuta mwishoni umechoka itakuangusha. Uwezo wa Binadamu utaupachika popote penye nafasi.

Ukimaliza zote, una miezi 36 ya kupata leseni ya rubani wa biashara na IR (idhini ya kuruka kwa vyombo) kwa matokeo hayo. Kwa ATPL yenyewe yanabaki hai miaka 7 tangu tarehe ya mwisho ya uhalali wa IR yako.

Kikokotoo

Nachukua PNR na PET, kwa sababu hapo tatizo halipo kwenye fomula. Watu wanakariri fomula bila kujua inalinganisha nini na nini.

PNR inalinganisha mafuta: naweza kwenda mpaka wapi nikageuka na bado nikafika nilikotoka? Urefu wa njia hauhusiki. PET inalinganisha muda: ni wapi ambapo kwenda mbele na kurudi nyuma kunachukua dakika sawa? Hapo mafuta hayahusiki. Swali likikupa vyote viwili, ujue kimoja ni cha kukuchanganya.

Chukua TAS (kasi halisi ya ndege hewani) 240 kt (noti, yaani maili za baharini kwa saa), upepo wa mbele 40 kt wakati wa kwenda, E, mafuta ya saa 5 (akiba imeshatolewa, na hili lihakikishe kila mara), D, njia ya NM (maili za baharini) 960.

O, kasi ya ardhini ya kwenda = 200
H, kasi ya ardhini ya kurudi = 280

Muda wa PNR = E × H ÷ (O + H) = 5 × 280 ÷ 480 = saa 2.917, yaani 2:55
Umbali = 2.917 × 200 = NM 583

Sasa jihakiki. Kurudi NM 583 kwa 280 kt ni saa 2:05. Ukijumlisha na 2:55 unapata 5:00 kamili. Huo uhakiki unakula nusu dakika na unakuonyesha papo hapo kama uligeuza O na H.

Jaribu pia kugeuza upepo: uwe wa nyuma wakati wa kwenda. O inakuwa 280, H 200, muda wa PNR unashuka hadi 2:05, lakini umbali unabaki NM 583 ileile! Bila upepo ungekuwa 600. Maana yake upepo, uwe wa mbele au wa nyuma, unaivuta PNR karibu na ulikotoka. Maswali ya nadharia tupu yasiyo na namba hutoka hapo.

PET = D × H ÷ (O + H) = 960 × 280 ÷ 480 = NM 560. Katikati ya njia ni 480, kwa hiyo PET imesogea mbele, upande upepo unakotoka. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Ukipata PET iliyosogea kwa kufuata upepo, futa uanze upya kabla hujatazama majibu.

Mbawa_Mpya

Asante sana mkuu, hiyo ya kugeuza upepo sikuwahi kuiona. Nimejaribu ya injini moja kuzimika kwa data zako, TAS ikishuka hadi 180. O = 140, H = 220. PET = 960 × 220 ÷ 360 = NM 587. Muda wa kuifikia = 587 ÷ 140 = saa 4:11. Iko sawa?

Kikokotoo

Umbali uko sawa, muda hapana. Mpaka unafika pale PET ndege bado ina injini zote. Injini inazimika ukiwa hapo. Kwa hiyo 587 ÷ 200 = saa 2:56. Kasi za injini moja zinatafuta mahali, kasi ya kawaida inatafuta muda wa kufika mahali hapo. Na hiyo 4:11 yako usishangae kuiona imekaa kwenye chaguo C.

Msuli_wa_Usiku

Hapo Kikokotoo kagusa kiini cha jinsi ya kutumia benki. Machaguo manne hayaokotwi hovyo. Matatu ya uongo mara nyingi ni makosa yanayojulikana, yamefanyiwa hesabu mpaka mwisho. Ukijifunza kuyasoma hayo makosa, benki inakuwa mwalimu. Ukijifunza kuitambua sura ya swali tu, ndiyo hiyo 90% isiyokusaidia.

Mfano. Kutoka 60°N 010°W kwenda 60°N 030°E, mwelekeo wa kuanzia kwa duara kuu (njia fupi kuliko zote juu ya dunia) ni upi? Machaguo: 055, 073, 090, 107.

Tofauti ya longitudo ni 40°. Konvajensi (pembe ambayo mistari ya longitudo inainamiana) = 40 × sin 60° = 34.6°. Nusu yake 17.3°. Latitudo ni moja, kwa hiyo mstari wa rhumb (wa mwelekeo usiobadilika) ni 090. Duara kuu hupinda kuelekea ncha iliyo karibu, hapa kaskazini, hivyo unaanza na 090 − 17.3 = 072.7, yaani 073.

Mengine yametoka wapi? 055 ni la aliyetoa konvajensi nzima akasahau kugawa kwa mbili. 107 ni la aliyejumlisha badala ya kutoa, na ndio mwelekeo wa kufikia mwisho wa safari. 090 ni la asiyetofautisha rhumb na duara kuu. Ukiweza kueleza hayo machaguo yote manne, swali hilo likihamishiwa kusini mwa ikweta, au likikupa 073 na kukudai longitudo, halikutishi.

Utaratibu ninaoupendekeza: funika machaguo, fanya hesabu kwenye karatasi, andika jibu, ndipo ufunue. Swali ulilopatia kwa kubahatisha lihesabu kama umekosa. Asilimia itaporomoka wiki ya kwanza, iache iporomoke. Na ukigundua unalijibu swali kabla hujamaliza kulisoma, liondoe kwenye zamu kwa wiki tatu hivi, maana sasa unapima kumbukumbu ya macho.

QNH_1013

Mnamtisha mwenzenu. Sheria na Mawasiliano benki inatosha, mengi ni ya kukariri tu: tarakimu, ishara, vipaumbele. Hakuna cha "kuelewa" kwenye namba za dharura za transponda 7500, 7600 na 7700. Okoa muda huko, uupeleke kwenye hesabu.

Dira_ya_Sumaku

Kwa Mawasiliano nakubali. Kwa Sheria nusunusu: maneno ya swali hubadilishwa kidogo tu, "lazima" ikawa "inapendekezwa", na aliyekariri herufi ya jibu hulipita bila kuona.

Mizani_Sawa

Niongezee Uzito na Mizani, maana umesema huko nako kunakutesa, kisha Utendaji.

Mzigo wa kulipiwa, yaani abiria na shehena, hauna fomula moja. Kuna mipaka mitatu na unachukua ndogo kuliko zote. Weka DOM (ndege tayari kwa kazi, bila mafuta wala mzigo wa kulipiwa) 34,000 kg, MZFM (ukomo wa uzito bila mafuta) 51,000, MTOM (ukomo wa kuondoka) 62,000, MLM (ukomo wa kutua) 54,000, mafuta wakati wa kuondoka 14,000, ya safari 9,000.

Kwa MZFM: 51,000 − 34,000 = 17,000
Kwa MTOM: 62,000 − 14,000 − 34,000 = 14,000
Kwa MLM: 54,000 + 9,000 − 14,000 − 34,000 = 15,000

Jibu ni 14,000. Wanaokosea wengi huishia mstari wa kwanza. Wengine wanaingiza mafuta ya kutembelea ardhini kwenye hesabu ya MTOM, wakati yameshaungua kabla ndege haijaanza kukimbia. Swali likikupa mafuta yaliyomo kwenye matangi ndege ikiwa bado imeegeshwa, toa hayo kwanza.

Kuhamisha mzigo: mzigo unaohamishwa ÷ uzito wote = badiliko la CG (kitovu cha uzito) ÷ umbali wa kuhamisha. Ndege ya kg 60,000, CG imezidi mpaka wa nyuma kwa m 0.25, vyumba vya mizigo vimeachana m 12: 60,000 × 0.25 ÷ 12 = kg 1,250 kwenda mbele. Mzigo ukishushwa au ukiongezwa, fomula hiyo ife, kwa kuwa uzito wote umebadilika. Rudi kwenye momenti (uzito × umbali wake).

Grafu za Utendaji sasa, hapo ndipo penye alama za bure na ndipo zinapopotea. Ukisoma kwenda mbele, unaingia na joto na mwinuko, unafika mstari rejea wa uzito, unafuata mistari elekezi mpaka uzito wako, kisha unakwenda mlalo mpaka mstari rejea unaofuata, wa upepo. Swali likigeuzwa, yaani umepewa urefu wa njia ya kurukia na unatafutiwa uzito, watu hurudi kwa mstari mnyoofu kutoka kulia hadi kwenye mstari rejea wa upepo. Ni kosa. Ukirudi nyuma unasimama kwanza kwenye thamani ya upepo uliopewa, ndipo unafuata mistari elekezi kurudi kwenye mstari rejea. Chora kwa penseli yenye ncha kali na rula. Unene wa penseli butu unaweza kukuhamisha chaguo zima.

Vipimo navyo viangalie. Lita 5,000 kwa uzito mahsusi 0.79 ni kg 3,950. Swali linalochanganya lita na kilo limefanya hivyo makusudi.

Msuli_wa_Usiku

Na upepo: METAR na TAF (ripoti na utabiri wa hali ya hewa ya uwanja) zinatoa mwelekeo kwa kaskazini ya kweli, ila anaokutajia mnara wa uwanja ni wa sumaku. Ukitafuta upepo wa ubavuni kwenye njia ya kurukia ambayo namba yake ni ya sumaku, badilisha kwanza. Kutoka kweli kwenda sumaku: mashariki toa, magharibi ongeza. Kweli 080, tofauti 12°W, sumaku 092.

Mbawa_Mpya

Mawasiliano nimeahirisha, nitayafanya na kundi lake. La mwisho wakuu: kusahihisha altimita (kipima mwinuko) kwa joto. Nina 4% kwa kila 10°C ya kupungua chini ya ISA (hewa sanifu), lakini majibu yangu hutoka tofauti na ya benki kwa futi mia kadhaa. Ni 4% ya nini hasa?

Kikokotoo

Ya kimo kilichopo kati yako na kituo kilichotoa QNH (shinikizo unaloweka kwenye altimita ili isome mwinuko juu ya bahari). Usiihesabu kuanzia usawa wa bahari. Altimita inaonyesha futi 9,000 kwa QNH ya uwanja ulio futi 5,000, hewa ni ISA −20. Juu ya uwanja una futi 4,000. 8% yake ni 320. Hewa baridi imeshikana, kwa hiyo uko chini kuliko unavyosoma: mwinuko wa kweli ni 8,680. Wewe nadhani ulitoa 8% ya 9,000 ukapata 8,280. Swali lisipotaja mwinuko wa kituo, hapo ndipo unatumia futi zote.