Buibui gani hujamsahau mpaka leo? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nina michungwa kidogo Muheza. Juzi asubuhi napita katikati ya miti miwili, uzi ukanishika usoni, mgumu mpaka nikausikia ukikatika. Kuinua macho, buibui jike amening'inia kichwa chini, miguu imepanuka kama kiganja changu. Utando wake ni wa njano kabisa, jua likiupiga unameremeta dhahabu. Pembeni kulikuwa na kibuibui cha kahawia, hakifiki ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilidhani mtoto, kumbe ndiye dume!

Hawa ndio jamii ya wale wa Madagaska. Kule waliokotwa zaidi ya milioni moja, wakavutwa uzi, wakaachiwa waende zao. Kikafumwa kitambaa cha dhahabu kisichotiwa rangi yoyote, kikaonyeshwa New York mwaka 2009. Tangu nijue hilo, mti ule nauzungukia. Nyie mmekutana na wapi?

#2
Mkuu, wako ni mkubwa, wangu ni mdogo kama punje ya mchele. Nimekulia Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Kwetu kuna buibui wa kuruka ambaye watafiti wa pale icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wamemchunguza miaka mingi. Chakula anachokipenda ni mbu aliyekwisha kunywa damu, na anofelesi, yule mbu anayeeneza malaria, ndiye chaguo lake. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi yetu, kwa hiyo damu anaifuata ndani ya mbu. Anofelesi akitua huinua tumbo juu. Buibui wale wachanga huzunguka taratibu, wakapita chini ya tumbo lile, ndipo wakamrukia. Hata soksi iliyovaliwa inawavuta kwa harufu.

Niliwahi kumwona mmoja ukutani, juu ya kitanda. Anasogea, anatulia, anageuza kichwa kizima kuniangalia, anasogea tena. Nilikaa na tochi mpaka mkono ukafa ganzi. Mama alikuwa akiwafagia wote. Nilimweleza, siku hizi ufagio hauwagusi.

#3
Sisi Pemba hatuui buibui. Bibi alitusimulia habari ya pango la Thaur, Mtume (S.A.W.) na Abubakar wamo ndani, maadui wako mlangoni, utando umeziba njia, wakaona hapa hajapita mtu. Siku ya kufagia dari alikuwa anamtoa kwa ukuti, anamweka mpapaini, anamwambia "haya, kajenge huku". Bibi ametangulia mbele ya haki. Mimi bado natumia ukuti.

#4
Kuna vile viduara vyeupe, laini kama karatasi, ukubwa wa sarafu, vinavyobandikwa ukutani. Ni vifuko vya mayai vya yule buibui bapa. Nikiwa darasa la tatu nilijikata mguu na jembe, babu akabandua kimoja, akakibandika juu ya jeraha. Damu ilikata, na kiligandamana pale siku kadhaa. Ila jamani, tusiwafanyie watoto wetu leo. Kitu cha ukutani kina uchafu, na pepopunda inaua. Mtoto akatwe, osha kwa maji safi, nenda zahanati.

#5
Mwanangu wa miaka sita amevaa Spaidamani tangu Jumatatu. Nilimwambia yule wa katuni za Marekani alianza mwaka 1962 na anarusha uzi mkononi, lakini wa kweli hutoa nyuma ya tumbo. Hakukubali. Tukatoka na tochi usiku kwenye ua wa michongoma, tukamkuta mmoja anafuma. Mguu wa nyuma unavuta uzi, unaubandika, anapiga hatua, anavuta tena. Mtoto hakusema neno. Kulipokucha akaniuliza kama buibui amelala.

Mleta mada
#5, umenikumbusha nipitie wangu. Nimetoka huko sasa hivi. Pale nilipomkatia kwa uso ameshaziba, na uzi mpya ni wa njano zaidi ya ule wa zamani. Kile kidume bado kipo pembeni.