Moto wa uhuru wa Ugiriki uliwashwa wapi mwaka 1821? Mimi nasimama na Mani

Wakuu, salaam.

Kila 25 Machi Wagiriki hufanya gwaride, watoto wa shule hubeba bendera, na picha ile ile hurudi: Askofu Germanos wa Patras yuko kwenye monasteri ya Agia Lavra, karibu na mji wa Kalavryta, ameinua bendera na wapiganaji wamemzunguka wanakula kiapo. Ukiuliza vita vya kumng'oa Mturuki vilianzia wapi, wengi watakujibu kwa picha hiyo. Naileta mada hii kwa sababu naona watu wa Mani, kule kusini kabisa mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, wanadhulumiwa na jibu hilo.

Ubishi wenyewe uko kwenye tarehe, kwa hiyo tuanzie hapo. Ninazotaja ni za kalenda ya zamani. Ukitaka za leo, ongeza siku 12. Tarehe 17 Machi 1821 wakuu wa koo za Mani walikutana Tsimova, mji ambao leo unaitwa Areopoli, wakaapa kuingia vitani. Tarehe 23 wapiganaji wapatao 2,000 wakaingia Kalamata, wakiongozwa na Petros Mavromichalis, yule waliyemwita Petrobey, akiwa pamoja na mpiganaji mkongwe Theodoros Kolokotronis na kasisi mchochezi Papaflessas. Mkuu wa Kituruki wa mji, Suleiman Arnaoutoglou, akasalimu amri. Makasisi wakafanya ibada ya shukrani kwenye kanisa dogo la mawe la Mitume Watakatifu, ambalo lipo mpaka leo. Likaundwa Baraza la Messenia, na Petrobey akatia sahihi tangazo kwa wafalme wa Ulaya akijitambulisha kuwa jemadari wa majeshi ya Sparta.

Kwa maneno mengine, ilipofika 25 Machi kulikuwa na mji uliokwisha kukombolewa.

Sasa Agia Lavra. Germanos mwenyewe aliandika kumbukumbu zake za vita, na hilo tukio la bendera hamna humo. Aliyelisambaza Ulaya ni Mfaransa François Pouqueville, mwanadiplomasia aliyeandika historia ya vita hivyo vikiwa bado vinapiganwa. Mwaka 1865 mchoraji Theodoros Vryzakis akalichora, na picha ikishaingia kwenye vichwa vya watu kuitoa ni kazi. Tarehe nayo ilipangwa: serikali ya Mfalme Otto ndiyo iliyoamua mwaka 1838 kwamba 25 Machi iwe sikukuu ya taifa, siku ambayo Kanisa linaadhimisha Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Naelewa kwa nini walitaka kuunganisha imani na uhuru. Lakini sikukuu ni kitu kimoja, na mfuatano wa matukio ni kitu kingine.

Kwa nini Mani iliweza? Hapa ndipo napenda tutulie kidogo, maana watu husema tu "walikuwa mashujaa" wakapita. Mani ni rasi ya mawe iliyoning'inia chini ya milima ya Taygetos. Ardhi haina rutuba ya kumvutia mtoza kodi, na njia ni nyembamba, kila moja inatazamwa na minara. Hiyo minara ya mawe ndiyo nyumba zao. Ukoo ulijenga mnara wake ili uweze kupigana hata na ukoo jirani, na walipigana kweli, visasi vikirithiwa na watoto. Waturuki hawakuwahi kuitawala kama walivyotawala mabonde. Tangu 1776 walimteua bey, yaani mtawala wa eneo kwa niaba ya Sultani, kutoka miongoni mwa Wamani wenyewe, wakaridhika na kodi ya jumla ambayo mara nyingi hata haikulipwa. Kwa hiyo wakati wakulima wa sehemu nyingine hawaruhusiwi kubeba silaha, huku kila mwanamume alikuwa na bunduki yake ukutani.

Kolokotronis alilijua hilo. Alikuwa mkimbizi kwenye kisiwa cha Zakynthos, na alipoamua kurudi bara Januari 1821 alishukia Kardamyli, Mani, kwenye mnara wa ukoo wa Mourtzinos. Angeshukia wapi pengine bila kukamatwa wiki ile ile?

Angalieni na bendera yao. Nguo nyeupe, msalaba wa buluu katikati, na maneno. Wagiriki wengine waliandika "Uhuru au Kifo". Wamani waliandika "Ushindi au Kifo", kwa maelezo kwamba uhuru wanao tayari, hawauombi. Chini yake wakaweka maneno ambayo akina mama wa Sparta ya kale, kwa masimulizi ya Plutarch, waliwaambia wana wao wakiwakabidhi ngao: rudi nayo, au urudishwe juu yake. Mimi maneno hayo hunigusa kila nikiyasoma.

Nisifiche yanayonipinga. Petrobey alisita. Alikuwa amekwishaingizwa kwenye Filiki Eteria, chama cha siri kilichoanzishwa Odessa mwaka 1814, lakini alikuwa pia na cheo cha Sultani cha kupoteza, na watoto wake walikuwa mikononi mwa Waturuki kama dhamana. Baba mwenye mtoto mateka akisita simlaumu. Na bahati ilikuwepo: Khurshid Pasha, gavana wa Peloponnese, alikuwa ameondoka na askari wengi kwenda Ioannina kumzima Ali Pasha aliyemwasi Sultani. Mwaka 1770 Wamani hao hao waliinuka kwa kutegemea manowari za Warusi zilizoongozwa na Orlov. Warusi wakaondoka, na Peloponnese ikaachiwa mamluki wa Kialbania wakaipora kwa miaka. Mara hii mlinzi wa nyumba hakuwepo, na Wamani hawakungoja meli ya mtu.

*

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu.

Kuna mdau amesema wa kwanza ni Alexandros Ypsilantis, kiongozi wa Filiki Eteria, aliyevuka mto Prut akaingia Moldavia 22 Februari na kutoa tangazo lake Iași siku mbili baadaye. Kwa tarehe ni kweli, na namheshimu mtu aliyepoteza mkono vitani Dresden kisha akajitosa tena. Ila moto wake ulizimwa Drăgășani mwezi Juni, vijana wa Kikosi Kitakatifu, wapiganaji wake wa kujitolea, wakafa pale, naye akaishia gerezani Austria. Uliobaki ukiwaka ni ule wa Peloponnese.

Mwingine ameandika kwamba eneo la Kalavryta lilishaona risasi katikati ya Machi, waasi wakiwavizia watoza kodi na wasafiri wa Kituruki, na mji wenyewe ukazingirwa tarehe 21. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na naikubali: risasi ya kwanza ya Peloponnese siwezi kuwapa Wamani. Wanaotetea Kalavryta wangeisimamia hii badala ya kung'ang'ania bendera ya Agia Lavra. Ninachowapa Wamani ni kuugeuza uvamizi wa njiani kuwa vita vyenye mji, baraza na barua kwa mataifa.

Wa tatu amekasirika: Wamani walikuwa maharamia, na ndio waliomuua Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa nchi huru. Ni kweli, tarehe 27 Septemba 1831, mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Spyridon mjini Nafplio, wauaji wakiwa Konstantinos, ndugu yake Petrobey, na Georgios, mwanawe. Kapodistrias alikuwa amemfunga mzee wao. Niongeze na baya zaidi, Tripolitsa, makao makuu ya Waturuki Peloponnese, ilipoanguka Septemba 1821: Waislamu na Wayahudi waliuawa kwa maelfu, wanawake na watoto humo humo, na hakuna upande wa waasi wa Peloponnese unaoweza kunawa mikono. Sitetei hata moja la haya. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mauaji ya 1831 hayabadilishi nani aliingia Kalamata 23 Machi 1821.

Swali langu kwa wa Kalavryta bado lipo mezani. Kama Mani isingekuwepo, Kolokotronis angejificha wapi Januari hadi Machi, na watu 2,000 wenye bunduki zao wangetoka wapi? Nijibuni hilo.