Baba ana moyo kutanuka, yuko Korogwe: kliniki ya simu inatosha au nimlete Dar kila mwezi?

BintiMsambaa:
Wakuu habarini za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wahudumu wa afya na waliowahi kuuguza mgonjwa wa moyo akiwa mbali.

Baba ana miaka 71. Mwezi wa tatu alilazwa Dar siku tisa, tukaambiwa moyo umetanuka na nguvu ya kusukuma damu imeshuka. Aliruhusiwa na dawa tano, mojawapo ya kutoa maji. Kwa kuwa safari ya basi inamchosha sana, kliniki ikatuambia tutaendelea kwa simu: presha, mapigo na uzito kila asubuhi tutume WhatsApp, na mara moja kwa mwezi daktari amwone kwa simu ya vidio. Kaka yangu aliyeko Muscat akatuma mashine ya presha, mizani, kile kidude cha kubana kidole na saa ya kuhesabu mapigo.

Wiki mbili zilizopita uzito ulikuwa kilo 64. Siku ya tatu 65.5, siku ya tano 67. Mdogo wangu anatuma kila siku, tiki za bluu tunaziona, jibu hakuna. Mimi nilifurahi, nikajua baba sasa anakula, mwili unarudi. Usiku wa siku ya saba akashindwa kulala chali, anahema, miguu imejaa hadi magotini. Akalazwa tena siku nne, akatolewa maji kwa sindano. Ametoka juzi.

Kaka anataka kununua saa ya gharama zaidi. Mama anasema habari za simu ziishe, baba awe anakuja Dar kila mwezi. Mimi inaniuma kwamba namba zote tulikuwa nazo mkononi. Tufanyeje?

Mzigua_wa_Handeni:
Pole sana dada. Msikilizeni mama. Moyo unasikilizwa kifuani, miguu inabonyezwa kwa kidole. Simu haibonyezi.

Mbinga2:
Mkuu hapo juu, nakuelewa, ila baba yangu mdogo tulimsafirisha kutoka Songea kwenda Dar kila mwezi kwa mwaka mzima. Nauli, pa kulala, mtu wa kumsindikiza. Tulipoishiwa akaacha kliniki kabisa, na dawa akaacha. Bora huduma iliyo karibu, hata kama ni ndogo, kuliko kubwa utakayoiacha njiani.

NesiWaZamu:
Pole dada, na usijilaumu. Kupanda kwa uzito ulipaswa kuelezwa kabla baba hajatoka wodini. Mgonjwa wa moyo akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Unapiga simu siku hiyo hiyo, husubiri miguu ijae.

Swali langu: zile namba zilikuwa zinamfikia nani? Kama ni simu ya daktari mmoja, yeye yuko wodini, yuko zamu, analala. Ujumbe unafunguliwa na kufunikwa na mingine hamsini. Dai namba ya kliniki yenye mtu wa zamu, na muandikiane: nani anasoma, saa ngapi, na uzito ukifika kiasi gani nani anampigia nani. Wasipoweza kuwajibu hayo, hamna ufuatiliaji hapo, mnatuma meseji tu.

Apimwe uzito asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi zile zile, mizani juu ya sakafu ngumu, si mkekani. Presha, akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Kidude cha kidole kina tabia ya kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa baadhi ya watu wenye ngozi nyeusi. Baba akihema huku kinaonyesha 96, muaminini baba. Akipata maumivu ya kifua, akizimia, au akishindwa kupumua akiwa amelala, msiandike ujumbe, tafuteni gari.

Dkt_Mkoani:
Nakubaliana na Nesi. Mwaka 2010 Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,653 wa moyo. Nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku na kuieleza mashine dalili na uzito wao. Kurudi kulazwa na vifo havikupungua. Mwaka 2018 ukatoka wa Ujerumani, TIM-HF2, wagonjwa zaidi ya 1,500 waliokuwa wamelazwa ndani ya mwaka uliotangulia, kama baba yako. Kule madaktari na wauguzi walikuwa macho saa 24, wanapiga simu, wanabadilisha dawa. Vifo vilipungua. Kwa hiyo saa mpya ya kaka haitaongeza kitu.

Ila kuna ambayo simu haioni kamwe: figo na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Dawa kama enalapril na spironolactone zinahitaji damu ipimwe. Hilo lifanyike hospitali ya wilaya, majibu yatumwe Dar, na safari ya Dar ibaki ya kipimo cha eko (picha ya moyo) au hali ikibadilika. Dawa ya maji msiiongeze kwa kukadiria, labda kama daktari ameandika kiasi. Na nikuulize, baba anatumia dawa yoyote ya maumivu?

BintiMsambaa:
Daktari, nimempigia mama sasa hivi. Magoti yalikuwa yanamsumbua, ananunua diklofenaki duka la dawa, wiki tatu sasa. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Dkt_Mkoani:
Aiache leo. Inashikilia maji mwilini na kuumiza figo. Mwambie daktari wake, na apimwe damu wiki hii.

BintiMsambaa:
Mrejesho wakuu. Ameacha. Damu imepimwa jana hapo hapo wilayani. Kliniki ya Dar wametupa namba ya zamu, na wameandika kwenye cheti: uzito wake ni 63.5, ukifika 65.5 tupige, tusitume ujumbe. Kaka amekubali pesa ya saa iende kwenye vipimo. Mama hana simu ya WhatsApp, kwa hiyo leo mchana amejaribu kupiga kwa kitochi chake. Nesi amepokea.